Saruji ya nyonga, mkono wa fundi na daftari

Ndugu msomaji, leo siasa naziweka kando. Nataka tuzungumze kuhusu saruji. Si ile ya Wazo Hill, wala ya Tanga au Mbeya. Nazungumzia saruji inayotiwa ndani ya mfupa wa binadamu pale anapowekewa nyonga bandia. Usikimbie ukadhani mada hii ni ya madaktari peke yao. Una mama, una shangazi, una babu aliyeteleza bafuni. Una kijana wa selimundu mtaani kwenu anayechechemea akiwa na miaka 22. Hii ni habari yetu.

Hoja yangu naiweka mapema ili usije ukasema nimekuzungusha. Katika miaka zaidi ya 60 tangu madaktari waanze kushikiza nyonga bandia kwa saruji, maendeleo makubwa kuliko yote hayakuletwa na saruji mpya wala chuma cha bei mbaya. Yameletwa na mambo mawili: mkono safi wa anayeiweka, na daftari la anayehesabu zilizolegea. Yote mawili tunayaweza. Na nchi inayonunua viungo bandia bila kuhesabu matokeo yake inauziwa mbuzi kwenye gunia.

Haya, tuanze na nyonga yenyewe. Mfupa wa paja una kichwa cha duara kama mpira, nacho kinacheza ndani ya kikombe kilichopo kwenye mfupa wa kiuno. Kichwa hicho kinaweza kulika kwa uzee, kinaweza kufa kwa kukosa damu, au shingo yake inaweza kuvunjika mtu akianguka. Hapo daktari anakikata, anaingiza shina la chuma ndani ya uwazi wa mfupa wa paja, juu yake anaweka mpira mpya, na kwenye kiuno anaweka kikombe kipya. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala iliyoiita operesheni hii kuwa ndiyo operesheni ya karne. Sioni kama walitia chumvi. Mtu anaingia hospitali kwa kubebwa, anatoka kwa miguu yake.

Lakini jiulize: chuma kimesimama ndani ya mfupa, kinashikwa na nini? Ukitembea tu, nyonga yako inabeba mzigo wa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya uzito wa mwili wako, kila hatua. Hesabu hatua za mwaka mmoja. Chuma kikicheza kidogo tu, mfupa unasagika, maumivu yanarudi, na mgonjwa anarudi kitandani kufunguliwa upya. Operesheni hiyo ya pili ni ndefu zaidi, ni ghali zaidi, na mfupa wa kushikia umebaki mdogo zaidi.

Mtu aliyeifanya kazi hii ieleweke ni daktari Mwingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington huko Lancashire. Mwaka 1958 alianza kutumia saruji ya akriliki, plastiki ya jamii ileile inayotumika kutengenezea meno bandia. Wazo la kutumia plastiki ile alilipata kwa Dennis Smith, mtaalamu wa vifaa vya meno wa Chuo Kikuu cha Manchester. Poda inachanganywa na kimiminika, inakuwa kama uji, halafu kama ugali, halafu inapata joto na kuwa ngumu kama jiwe. Tangu kuchanganya mpaka kukauka ni kama dakika kumi hadi kumi na tano hivi.

Sasa sikiliza jambo ambalo watu wengi hawalijui. Saruji hii si gundi. Hainati kwenye mfupa wala kwenye chuma kama gundi inavyonata kwenye karatasi. Kazi yake ni kujaza nafasi na kupenya kwenye vitundu vya mfupa, ule mfupa wa ndani ulio kama sifongo. Ikishapenya na kukauka, inakuwa imejifunga humo kama mizizi ya mti kwenye udongo, na mzigo unagawanyika sehemu kubwa badala ya kuelemea sehemu moja. Charnley alilieleza hili tangu mwanzo. Ukilielewa hili, umeelewa kila kitu kilichofuata, maana swali zima linakuwa: tufanye nini ili saruji ipenye vizuri zaidi?

Mtaani kwetu yupo mzee mmoja fundi mwashi. Nilipomweleza habari hii alicheka, akasema: "Mwanangu, hao madaktari wamechelewa kutuuliza sisi. Ukipiga lipu juu ya vumbi, hata ungetia mifuko kumi, itabanduka." Mzee hajasoma udaktari, lakini kwa sentensi hiyo amefupisha miaka 20 ya utafiti wa mifupa.

Angalia ilivyokuwa. Siku za mwanzo saruji ilichanganywa kwa mkono kwenye bakuli la wazi, kisha daktari akaisindika kwa vidole kutokea juu ya mfupa wa paja. Uwazi wa mfupa haukuzibwa chini, kwa hiyo saruji ilishuka kama maji kwenye bomba lisilo na kizibo, na ukigandamiza hakuna kinachogandamizika. Ndani mlikuwa na damu na mafuta ya uboho, ambayo kwa saruji ni vumbi lilelile la mzee wangu. Na hewa iliyonaswa wakati wa kukoroga ilibaki ndani kama matundu kwenye zege isiyoshindiliwa. Baadhi ya nyonga hizo zilidumu miaka mingi ajabu, kwa sababu mikono iliyoziweka ilikuwa mizuri. Nyingine zililegea mapema.

Kuanzia miaka ya 1970 taratibu zikaanza kubadilika, hatua kwa hatua. Kwanza, kizibo: uwazi wa mfupa unazibwa sentimita moja au mbili chini ya pale ncha ya chuma itakapofika. Kizibo kinaweza kuwa cha plastiki, na kinaweza pia kuchongwa kutoka kwenye mfupa uleule wa mgonjwa uliokatwa muda huohuo. Hakuna cha kuagiza nje hapo.

Pili, kuosha. Mfupa unaoshwa kwa maji ya chumvi yanayopigwa kwa mapigo ya haraka, mpaka vile vitundu vinaonekana vyeupe, kisha unakaushwa. Hata bomba kubwa la sindano ni bora kuliko kutoosha, ingawa mashine ya mapigo inasafisha zaidi.

Tatu, bunduki ya saruji. Badala ya vidole, saruji inaingizwa kwa mrija mrefu unaoanzia chini na kurudi juu taratibu, ili hewa na damu visukumwe nje badala ya kufungiwa ndani.

Nne, mgandamizo. Mfupa ulio hai unavuja damu, na damu hiyo inaisukuma saruji irudi nje ya vitundu. Kwa hiyo mdomo wa mfupa unafungwa kwa mpira maalumu na saruji inagandamizwa kwa nguvu inayoishinda ile ya damu, bila kuachia, mpaka iwe nzito kiasi cha kubaki ilipo. Tano, kuchanganya ndani ya chombo kilichonyonywa hewa, ambako kunapunguza matundu na pia kunawaepusha wahudumu na mvuke mkali. Sita, shina linawekwa katikati, ili saruji ilizunguke pande zote kwa unene wa milimita mbili au tatu bila chuma kugusa mfupa. Kisha anayeishika atulie. Asitikise. Saruji haimsubiri mtu, na haimsamehe mtu.

Umeona kitu? Katika orodha hiyo yote saruji yenyewe haikubadilika. Ni ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuiweka.

Sasa, walijuaje kwamba taratibu hizi zinasaidia kweli, na si maneno matupu ya madaktari maarufu kwenye mikutano? Hapa ndipo linaingia daftari.

Mwaka 1979 Sweden ilianzisha daftari la taifa la nyonga bandia. Kila hospitali, kila nyonga, kila nyonga iliyofunguliwa tena na sababu ya kufunguliwa. Tena hawakuishia kuandika aina ya kiungo tu. Waliziuliza idara: mnaosha mfupa vipi? Mnatumia kizibo? Mnagandamiza? Mnachanganyaje? Baada ya miaka kadhaa, akina Peter Herberts na Henrik Malchau wa Gothenburg wakaweza kuonyesha kwa hesabu kwamba hospitali zilizofuata taratibu za kisasa za saruji zilikuwa na wagonjwa wachache zaidi wanaorudi. Majibu yakarudishwa kwa hospitali zenyewe. Hakuna aliyefungwa jela. Hakuna aliyefukuzwa kwa mbwembwe mbele ya kamera. Daktari aliona namba zake zikiwa pembeni ya namba za wenzake, na akabadilika. Sweden ikawa miongoni mwa nchi zenye viwango vya chini kabisa vya nyonga kufunguliwa upya. Daftari hilo sasa limeunganishwa na lile la magoti, na bado linaandika.

Kuna anayesema: basi tusubiri wataalamu wa viwandani watuletee saruji bora zaidi, mambo yaishe. Ndugu yangu, hilo lilishajaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuja saruji iliyoitwa Boneloc, kutoka Denmark. Kwenye karatasi ilipendeza: inakauka kwa joto la chini, inatoa mvuke kidogo. Nani angekataa? Madaktari wa Norway wakaitumia. Lakini Norway nayo ilikuwa na daftari lake, lililoanza mwaka 1987. Mwaka 1995 uchambuzi wa nyonga zaidi ya 8,500 za aina ya Charnley ulionyesha kwamba zilizoshikizwa kwa Boneloc zilikuwa zinalegea haraka mno kuliko zile za saruji za zamani. Saruji hiyo ikaondolewa sokoni.

Fikiria kama daftari lisingekuwepo. Kila daktari angeona mgonjwa wake mmoja au wawili wamerudi, angedhani ni bahati mbaya, au mgonjwa kabeba ndoo nzito, au Mungu kapenda. Kosa la bidhaa moja lingesambaa hospitali mia moja likawa bahati mbaya mia moja. Daftari ndilo linalozikusanya bahati mbaya na kuzipa jina.

Mfano mwingine ni wa Exeter, kule Uingereza. Daktari Robin Ling na mhandisi Clive Lee walibuni shina lililoanza kutumika mwaka 1970. Lilikuwa limenyooka, jembamba kuelekea chini, na uso wake uking'aa kama kioo. Mwaka 1976 uso ule ukabadilishwa, ukawa wa kufifia, wenye mkwaruzo kidogo. Ukimwuliza mtu yeyote wa kawaida atakwambia chuma chenye mkwaruzo kitashika zaidi. Kumbe sivyo! Zile za mkwaruzo zikaanza kulegea zaidi kuliko zile za kung'aa. Mwaka 1986 wakarudi kwenye uso wa kung'aa.

Sababu yake mkulima yeyote anaielewa. Shina la kung'aa linafanya kazi kama kabari. Likibebeshwa mzigo linazama kidogo sana ndani ya saruji, na kadiri linavyozama ndivyo linavyokaza, kama shoka kwenye mpini. Lile la mkwaruzo likianza kucheza linaisaga saruji kama msasa, chembechembe zinatoka, na mwili ukipambana na chembechembe hizo unaula mfupa wake wenyewe. Tofauti ilikuwa ukamilishaji wa uso tu, kitu ambacho kwa macho ungekiita urembo. Waliigundua kwa sababu walikuwa wanawafuatilia wagonjwa wao.

Na hapa namrudia Charnley, maana kuna tabia yake moja naiheshimu kuliko ugunduzi wake. Kabla ya kupata plastiki iliyofaa mwaka 1962, alitumia Teflon kwenye kikombe, akawawekea wagonjwa wapatao 300. Ilisagika vibaya. Hakuficha. Aliwafungua mmoja mmoja kuwatengeneza upya, na akajidunga chembe za Teflon kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili unazipokeaje. Baadaye aliwaomba wagonjwa wake wakubali kwamba wakifariki, nyonga zao zirudishwe kwake azichunguze, na wengi walikubali. Huyo ni mtu aliyeamini kwamba operesheni haiishi siku ya kushona jeraha.

Sasa turudi nyumbani. Operesheni hizi zinafanyika Tanzania. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, wanazifanya, na kuna hospitali nyingine, za umma na za binafsi. Ni jambo la kujivunia, na mimi najivunia. Zamani ukisikia nyonga bandia unafikiria India au Afrika Kusini.

Ila hebu soma magazeti yanavyoripoti. "Madaktari bingwa wafanikiwa kuweka nyonga bandia." Picha ya mgonjwa anatabasamu siku ya tatu, mheshimiwa kasimama pembeni. Siku ya tatu! Siku ya tatu nyonga yoyote inashika, hata iliyowekwa ovyo. Habari ya nyonga inaanza mwaka wa kumi. Ni mwandishi gani anayetumwa na mhariri wake kwenda kumtafuta mgonjwa yule baada ya miaka kumi? Kwenye fani yetu tunapenda uzinduzi. Tunahesabu viungo vilivyowekwa, hatuhesabu vilivyodumu.

Na wagonjwa wetu si sawa na wa Sweden. Kule mgonjwa wa kawaida wa nyonga ni mzee aliyestaafu. Huku kwetu kuna selimundu. Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wanaozaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Wanaokua wakafika ujana, na kwa matibabu ya sasa wanaongezeka, baadhi yao kichwa cha mfupa wa paja kinakufa kwa kukosa damu. Kijana wa miaka 25 anahitaji nyonga itakayomfikisha miaka 65. Mfupa wake mara nyingi ni mgumu mahali na laini mahali, na hatari ya kupata vijidudu ni kubwa. Kwa vijana kama hao madaktari wengi sasa huchagua viungo visivyotumia saruji, ambavyo mfupa wenyewe huota na kuvishika. Sawa. Lakini swali ni lilelile: vinadumu muda gani, kwa watu wetu, kwenye hospitali zetu? Namba za Gothenburg hazitatujibu hilo.

Kuna joto pia. Saruji ya mifupa huwahi kukauka kwenye chumba cha moto. Muda wa kufanyia kazi unaoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda ni wa chumba chenye ubaridi uliodhibitiwa. Kiyoyozi kikifa Dar es Salaam mwezi wa pili, zile dakika za kugandamiza zinapungua, na daktari anajikuta anasukuma shina kwenye saruji iliyoanza kuwa jiwe. Dawa yake si ngeni: chumba kiwe na kipimajoto, saruji ihifadhiwe mahali pa baridi, saa iwe ukutani, na mtu mmoja apewe kazi ya kutaja muda kwa sauti. Vitu hivi vinagharimu kiasi gani?

Nimesikia mtu akisema saruji imepitwa na wakati, kila mtu sasa aende na viungo visivyo na saruji. Kuwa kipya hakukifanyi kitu kuwa bora kwa kila mtu. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 1,225 wa miaka 60 na kuendelea waliovunjika nyonga. Nusu waliwekewa nusu-nyonga kwa saruji, nusu bila saruji. Baada ya miezi minne, wa saruji walikuwa na hali bora ya maisha. Mfupa kuvunjika pembeni ya chuma kulitokea kwa asilimia 0.5 ya wa saruji, na asilimia 2.1 ya wale wengine. Kwa bibi yako mwenye mifupa laini, ile teknolojia ya mwaka 1958 bado ndiyo rafiki yake.

Si kwamba saruji haina hatari. Unapoigandamiza kwa nguvu, mafuta na hewa vinaweza kusukumwa kwenye mishipa na kufika kwenye mapafu. Shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla, na kwa mzee dhaifu inaweza kuwa kifo mezani. Mwaka 2015 vyama vya madaktari vya Uingereza vilitoa mwongozo: watambueni mapema walio hatarini, osheni na kukausha mfupa vizuri, na daktari wa upasuaji amwambie daktari wa usingizi kabla ya kutia saruji, wa usingizi ajibu kwamba yuko tayari. Yaani watu wawili waliosimama chumba kimoja wazungumze! Inachekesha, lakini inaokoa maisha.

Najua pingamizi litakalokuja. Utasema, bwana mdogo, wajawazito wanafariki, malaria ipo, wewe unatuletea daftari la nyonga? Ninajibu hivi. Familia nyingi hulipia nyonga kwa michango, kwa kuuza ng'ombe, kwa kukopa. Nyonga hiyo ikilegea mwaka wa tano, familia hiyo haina ng'ombe wa pili wa kuuza. Kijana anarudi kwenye magongo, au anakaa ndani. Wanyonge ndio wanaohitaji kitu kidumu, maana tajiri akiharibikiwa atapanda ndege.

Na usiniambie umaskini unazuia kuhesabu. Malawi si tajiri kuliko sisi. Tangu mwaka 2005 Malawi ina daftari la taifa la viungo bandia, na mwaka 2009 madaktari wake walichapisha taarifa yake katika jarida la upasuaji wa mifupa la Uingereza. Moja ya mambo yaliyoonekana humo ni kwamba kule kichwa cha mfupa kufa kwa kukosa damu ndicho kilichokuwa kikiwaleta wagonjwa wengi zaidi wa nyonga, tofauti kabisa na Ulaya. Wamejijua kwa sababu wamejihesabu. Jirani yetu wa kusini, ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

Kwa hiyo ninachodai ni vitu vitatu. Kwanza, daftari la taifa lenye kila nyonga na kila hospitali, ya serikali na ya binafsi, linalochapisha matokeo yake kila mwaka ili mwananchi asome. Liandike jina la kiungo, namba yake, aina ya saruji, na namna ilivyowekwa, si idadi tu. Pili, zabuni za viungo bandia ziulize swali moja kabla ya bei: kiungo hiki kimedumu vipi baada ya miaka kumi, na nani kahesabu? Tatu, taratibu za saruji zibandikwe ukutani kwenye kila chumba cha upasuaji, na nesi awe na haki ya kusema "bado hatujaosha" bila kutazamwa vibaya.

Nawe msomaji, ukiwa na mgonjwa, usiogope kuuliza. Mwulize daktari: nyonga ya mama inashikizwa kwa saruji au bila saruji, na kwa nini? Kiungo hiki kinaitwaje? Naweza kupata ile karatasi ya kubandika yenye jina na namba yake? Nani atamwona mama baada ya mwaka mmoja, baada ya mitano, baada ya kumi? Daktari mzuri hachukii maswali hayo. Karatasi ile itunze pamoja na hati ya nyumba, kwa sababu siku nyonga ikisumbua, atakayeifungua atahitaji kujua nini kipo ndani.

Nyumba tunazijenga kwa saruji, na ikipasuka tunamtafuta fundi tumwulize alichanganya vipi. Nyonga ya binadamu inastahili kuulizwa kwa bidii zaidi ya ukuta. Kama wewe ni daktari, nesi, au umeishi na nyonga bandia miaka kumi na zaidi, niandikie. Nataka kusikia habari ya mwaka wa kumi, hiyo ndiyo nitakayoiandika.

Naomba kutoa hoja.